Imeandikwa Wapi? Vyanzo vya Ukristo wa Mwanzo Vilivyo Wazi Mtandaoni

(Hotuba hii niliitoa kwenye semina ya makatekista, walimu wa dini na wanafunzi wa theolojia. Walioshindwa kufika wameomba niiweke nzima. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Waheshimiwa mapadre na wachungaji, masista, makatekista, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojibanza nyuma karibu na mlango: Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Na walimu wa historia mliokuja kutoka shule jirani, mkiwemo ndugu zetu Waislamu: asalamu aleikumu, karibuni sana.

Nina swali moja tu leo, na nitalirudia mpaka mlichoke. Swali lenyewe ni hili: imeandikwa wapi?

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Naona vichwa vinatikisika, maana yake umewafikia. Unasema kwamba mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nisea, wakapiga kura vitabu gani viingie kwenye Biblia, vingine wakavitupa motoni. Chini yake: "Watumie wengine kumi." Na watu wazima, watu wenye shahada zao, wanawatumia wengine kumi.

Imeandikwa wapi?

Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano huo wa maaskofu, ulitunga kanuni ya imani, ukaandika barua, na ukapitisha kanuni 20, yaani sheria za kanisa. Zote 20 zinasomeka bure kwenye simu yako, usiku huu. Ya kwanza inahusu makasisi waliohasiwa: nani abaki kazini na nani asibaki. Ya 15 inawakataza maaskofu kuhamahama kutoka mji hadi mji. Ya 17 inawakemea makasisi wanaokopesha kwa riba, na kiwango inakitaja kabisa: sehemu moja ya mia kila mwezi. (Kicheko.) Naona wenzangu wa VICOBA mmeelewa haraka. Ya 20 inaagiza kwamba Jumapili watu wasali wamesimama, wasipige magoti. Orodha ya vitabu vya Biblia iko kanuni ya ngapi? Haimo. Zisome zote, haimo.

Basi hadithi hiyo ilitoka wapi? Kuna kitabu cha Kigiriki kuhusu mitaguso, kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya Nisea. Humo tunaambiwa kwamba vitabu viliwekwa chini ya altare, maaskofu wakasali, na vile vya kweli vikakutwa juu. Hata hapo hakuna kura, ni muujiza. Kura iliongezwa na watu wa baadaye, na moto ukaongezwa na watu wa baadaye zaidi. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi hivi tulivyo navyo, tunaikuta kwenye barua ya Pasaka ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Hiyo nayo ni bure.

Ziko wapi? Andikeni. Chuo Kikuu cha Calvin, huko Grand Rapids, Marekani, kina maktaba ya mtandaoni iitwayo Christian Classics Ethereal Library, kwa kifupi CCEL. Ilianza miaka ya 1990, intaneti yenyewe ikiwa bado changa. Humo yamo majuzuu 38 ya Mababa wa Kanisa kwa Kiingereza, kuanzia wale waliotangulia Nisea hadi wale waliofuata. Majuzuu hayo hayo, kwa sehemu kubwa, yako pia New Advent, tovuti ya Kikatoliki, pamoja na ile ensaiklopidia ya Kikatoliki iliyochapishwa kuanzia 1907. Msomi wa zamani alilazimika kupanda meli akavisome vitabu hivi ng'ambo. Wewe unavisoma ukingoja daladala.

Lakini ngoja. Kwa nini ni bure? Umewahi kujiuliza?

Ni bure kwa sababu ni vizee. Tafsiri hizo zilianza kuchapishwa Edinburgh mwaka 1867, zikaendelezwa Marekani hadi mwaka 1900. Haki miliki yake imekwisha, ndiyo maana mtu yeyote anaweza kuziweka mtandaoni. Uzee huo una gharama. Kiingereza chake kitakuchosha kama hukuzoea Kiingereza cha Biblia ya zamani. Na watafsiri walikuwa watu wa zama zao: Klementi wa Aleksandria aliandika kitabu kizima juu ya ndoa na mambo ya mwili, mabwana wale walipofika hapo wakaona haya, kitabu chote wakakiacha kwa Kilatini! Padre asome, mwanafunzi apite. Nendeni CCEL mkatazame, juzuu la pili, Stromata, kitabu cha tatu. Bado kiko kwa Kilatini mpaka leo.

Uzee una hasara kubwa kuliko hiyo. Chochote kilichogunduliwa baada ya hapo hakimo.

Chukua Agostino, askofu wa Hippo, mji wa pwani ya Algeria ya leo. Alifariki mwaka 430 Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake. Ungedhani maandishi ya mtu maarufu hivi yalishapatikana yote zamani. Kumbe mwaka 1981 msomi mmoja, Johannes Divjak, alichapisha mkusanyiko wa barua za Agostino ambazo hakuna aliyejua kwamba zimesalia. Ilikuwa imepita takriban miaka 1,550 tangu afariki. Moja ya barua hizo, iliyopewa namba 10 na alama ya nyota, anamwandikia rafiki yake Alipio juu ya wafanyabiashara wa watumwa. Anasema magenge yanaingia vijijini usiku, yanakamata watu huru na kuwapeleka bandarini Hippo wakauzwe ng'ambo. Anamtaja mwanamke mmoja wa mjini aliyekuwa akiwarubuni akina mama wa mlimani kwamba anataka kununua kuni. Wakishafika na kuni zao anawafungia ndani, anawapiga, anawauza. Anaeleza pia jinsi waumini wa Hippo walivyokwenda kuwakomboa watu karibu 120, askofu mwenyewe akiwa safarini.

Sisi ambao Bagamoyo tunaijua, tunaijua pwani hii na historia yake, barua hiyo tunaisoma vingine kabisa. Lakini ukimsoma Agostino kwenye majuzuu ya bure peke yake, hutaiona kamwe. Utadhani umemmaliza. Kwa hiyo mkipewa kitu bure, ulizeni kimeishia mwaka gani. Kilatini chake kiko kwenye augustinus.it, tovuti ya Italia yenye maandishi yake pamoja na tafsiri ya Kiitalia. Mapadre mliosomea Roma, hapo hamna kisingizio.

Sasa niwapeleke jalalani.

Mwaka 1896 vijana wawili wa Oxford, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba kwenye majalala ya mji wa kale wa Misri uitwao Oxyrhynchus. Mvua huko ni adimu, kwa hiyo mafunjo, yaani karatasi za kale za Misri, yaliyotupwa na watu miaka mingi iliyopita yalikuwa bado yanasomeka. Walipata maelfu kwa maelfu: risiti, mikataba, barua za watoto kwa baba zao, vipande vya Injili. Kazi ya kuyasoma haijaisha hadi leo. Yaliyochapishwa unaweza kuyatafuta kwenye papyri.info, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Duke. Unaandika namba, hati inafunguka.

Mkifika nyumbani andikeni namba hii: P.Oxy. 33, 2673, yaani Mafunjo ya Oxyrhynchus, juzuu la 33, hati namba 2673. Ni karatasi moja tu ya mafunjo, ya mwezi Februari 304, mwaka mmoja baada ya Kaisari Dioklesiano kuamuru makanisa yabomolewe na vitabu vyake vichomwe. Anayezungumza ni Ammonius, mwana wa Kopreus, msomaji wa kanisa la kijiji cha Chysis. Hati haisemi "kanisa". Inasema "lililokuwa kanisa". Wakati huo tayari limeshabomolewa au kufungwa. Maofisa wamemdai mali ya kanisa aikabidhi. Naye anaapa: hatuna dhahabu, hatuna fedha, hatuna pesa, hatuna nguo, hatuna mifugo, hatuna watumwa, hatuna mashamba wala majengo, iwe kwa zawadi au kwa wosia. Kilichopatikana ni vitu vya shaba tu, na vimeshakabidhiwa vipelekwe Aleksandria kama alivyoagiza liwali wa Misri.

Mnaliona kanisa hilo? Kanisa la kijijini lisilo na chochote isipokuwa shaba kidogo. Wangapi hapa mnatoka kwenye kigango cha namna hiyo? Nyoosheni mikono. Naam.

Sikilizeni na mwisho wa hati. Chini yake kuna mwandiko wa mtu mwingine: mimi Aurelius Serenus nimeandika kwa niaba yake, kwa sababu hajui herufi.

Msomaji wa kanisa! Hajui herufi!

Wasomi wamelivunjia kichwa jambo hili. Wapo wanaosema alikuwa amekariri masomo yote kwa moyo. Wapo wanaosema alisoma Kikopti, lugha ya Wamisri, ila Kigiriki cha hati hii hakukijua. Na wapo wanaosema alijua vizuri sana, ila hakutaka mkono wake mwenyewe utie saini kiapo cha Kaisari kinachotaja mali ya kanisa lake, na hasa kiapo ambacho hakisemi neno lolote juu ya vitabu. Je, vitabu vilikuwa wapi? Maofisa waliovitafuta kila mahali hawaulizi, na yeye hasemi. Mimi nimekaa na makatekista wa vijijini maisha yangu yote, najua ujanja wenu, kwa hiyo naegemea hilo la tatu. (Makofi.) Mwingine ana haki ya kunibishia, na hapo ndipo utamu ulipo: hati iko mbele yetu sote, tubishane tukiwa tumeisoma.

Kuna na hili la Codex Sinaiticus, nalipitia haraka. Ni Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4, imeandikwa kwa mkono kwenye ngozi. Ilikuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai. Leo imetawanyika sehemu nne: kurasa nyingi ziko London, ambako Urusi ya Stalin iliiuza mwaka 1933 kwa pauni 100,000, nyingine Leipzig, nyingine Saint Petersburg, na nyingine zilibaki Sinai kwenyewe. Hakuna aliyekubali kumrudishia mwenzake. Lakini tangu 2009 kurasa zote zimekutanishwa kwenye tovuti moja, na unaweza kuvuta picha karibu mpaka uone herufi zilizokwanguliwa na kusahihishwa. Mfungueni Marko sura ya mwisho mwone anapoishia. Sisemi zaidi, nendeni mkaone.

Nirudi Afrika, ingawa hata sasa sijatoka Afrika. Hippo, Aleksandria, Oxyrhynchus, vyote viko bara hili.

Kila tarehe 3 Juni, wanapoadhimishwa Mashahidi wa Uganda, kuna sentensi moja haikosi mimbarani: "Damu ya wafiadini ni mbegu ya Kanisa, alisema Tertuliani." Imeandikwa wapi? Kuna tovuti inaitwa Tertullian Project, imekusanya maandishi ya mwandishi huyo Mkristo wa kale karibu yote, Kilatini na tafsiri. Fungua kitabu chake cha Utetezi, sura ya 50, ya mwisho kabisa. Anasema: ni mbegu, damu ya Wakristo. Basi. "Wafiadini" hawamo, "Kanisa" halimo. Anawaambia mahakimu wa Kirumi: kadiri mnavyotufyeka ndivyo tunavyoongezeka. Sisemi wahubiri waache kuitumia. Nasema ile ya kweli ni kali zaidi, kwa nini utumie iliyopozwa?

Na mji wa Tertuliani, Karthago, ulioko Tunisia ya leo, ndio mji wa Perpetua. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1964 alimtaja Perpetua, akiwaunganisha na hao wa kale. Perpetua aliuawa mwaka 203, umri wake kama miaka 22, akiwa na mtoto wa kunyonya. Sehemu kubwa ya habari zake aliandika yeye mwenyewe gerezani. Fikirini jambo hilo: mwanamke wa Afrika, karne ya tatu, anaandika kwa maneno yake. Baba yake anakuja kumsihi aikane imani. Yeye anamwonyesha mtungi uliokuwa hapo: baba, waweza kuuita jina jingine zaidi ya mtungi? Hapana. Basi na mimi siwezi kujiita kingine ila Mkristo. Baba anamrukia kama anayetaka kumng'oa macho. Baadaye anarudi, safari hii anamlilia, anambusu mikono, anampigia magoti. Akina baba, mzee yule msimhukumu haraka. Perpetua mwenyewe anaandika kwamba alimhurumia.

Hadithi nyingine iko karibu zaidi na sisi: Aksum, Ethiopia. Tunasikia kwamba Frumensi ndiye aliyepeleka Ukristo kwa wafalme wa Aksum karne ya 4. Imeandikwa wapi? Tuifuate kwa hatua. Unaikuta kwa Sokrate, mwanahistoria wa Konstantinopoli, kitabu cha kwanza sura ya 19, imo CCEL. Yeye anakwambia wazi: nimeitoa kwa Rufino. Rufino naye anakwambia: nimeisikia kwa Edesio mwenyewe, mjini Tiro. Na Edesio alikuwepo! Meli yao ilipotia nanga kutafuta maji, wenyeji waliwaua waliokuwemo, wakawasaza watoto wawili, Frumensi na Edesio, waliokutwa chini ya mti wakijisomea masomo yao. Wakapelekwa kwa mfalme. Mnauona mnyororo? Sokrate, Rufino, Edesio. Hivyo ndivyo habari inavyopimwa, na ninyi walimu Waislamu mliozoea isnadi, mnyororo wa wapokezi wa habari, hamhitaji kufundishwa na mimi.

Kisha linakuja jambo ambalo hata mwanahistoria mgumu hana la kusema. Atanasi, katika utetezi wake kwa Kaisari Konstantio wa Pili, ananakili barua ya Kaisari huyo kwa Ezana na Sazana, watawala wa Aksum. Kaisari anawataka wamrudishe Frumensi Misri akahojiwe imani yake, kwa kuwa aliwekwa wakfu na Atanasi, ambaye Kaisari hakumtaka. Kwa hiyo Frumensi si ngano. Ni mtu aliyemkera Kaisari wa Roma hadi akashika kalamu. Na sarafu za Ezana zenyewe zinashuhudia: za kwanza zina mwezi mwandamo, za baadaye zina msalaba. Mkitaka kuendelea na Ethiopia, kuna maktaba ya miswada ya HMML (Hill Museum & Manuscript Library), Collegeville, Minnesota, Marekani. Tangu miaka ya 1970 wanashirikiana na Waethiopia kupiga picha vitabu vya mkono vya makanisa na monasteri. Ukijiandikisha, unasoma bure.

Vijana, tovuti yenu ni hii: ORBIS, ya Chuo Kikuu cha Stanford. Unachagua mji wa kuondokea, mji wa kufikia, mwezi wa safari, nayo inakupigia siku na nauli za enzi za Warumi. Jaribuni kutoka Aleksandria kwenda Roma mwezi Julai, kisha mwezi Januari. Mtaelewa kwa nini barua za maaskofu zilichelewa.

Sasa hili la akili mnemba, maana najua mnaitumia. Ukiiuliza programu hizo "Agostino alisema nini kuhusu jambo fulani?", itakupa sentensi nzuri, yenye mapambo, na namba ya kitabu juu yake. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine kitabu kipo lakini sentensi haimo, na mara nyingine hata kitabu hakipo. Namba hiyo ichukueni, fungueni chanzo, itafuteni. Mkiikosa, msiihubiri.

Kuhusu bando. Msipakue picha za vitabu vizima kutoka Internet Archive mchana kwa bando la bei mbaya. CCEL ina maandishi matupu, mepesi mno. Juzuu zima halimalizi hata bando dogo. Pakueni mara moja, hifadhini kwenye simu, mrushiane wenyewe kwa wenyewe bila intaneti.

Jambo la mwisho, na hili linaniuma. Nimewatajia Kiingereza, Kilatini, Kigiriki, Kiitalia. Kiswahili je? Vipo vitu, sisemi havipo. Wikipedia ya Kiswahili ina makala nyingi fupi za watakatifu, na waliozifanya wanastahili shukrani. Lakini vyanzo vyenyewe, maneno yao wenyewe, kwa Kiswahili ni vichache mno. Mamilioni ya watu wanasali kwa Kiswahili kutoka Mombasa hadi Lubumbashi, lakini Perpetua bado hajawasemesha kwa lugha yao kama inavyostahili. Tunamngoja nani?

Kwa hiyo nimekuja na kazi. Tutaanza na kitu kidogo: mashitaka ya Wakristo wa Scilli, yaliyosikilizwa Karthago tarehe 17 Julai mwaka 180. Ni kama ukurasa mmoja na nusu, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kikristo kwa Kilatini. Liwali Saturnino anawauliza kuna nini ndani ya kasha lao. Mmoja wao, Sperato, anajibu: vitabu, na barua za Paulo, mtu mwadilifu. Liwali anawapa siku 30 wafikirie, wanazikataa. Tafsiri ya Kiingereza imo katika juzuu la nyongeza la mkusanyiko uleule wa CCEL.

Waliosoma Kilatini seminarini, mchukue Kilatini. Walimu wa Kiswahili, mkae nao muwasahihishe, msiwaonee aibu. Makatekista, mtasomewa kwa sauti na mtatuambia ni wapi bibi wa kigangoni hataelewa. Nataka rasimu ya kwanza semina ijayo, na kila sentensi iwe na namba ya mahali ilipotoka. Kule nyuma, mlio karibu na mlango, karatasi ya majina inaanza kwenu. Haya, maswali. Naanza na mama mwenye kitenge cha kijani, alishanyoosha mkono tangu tulipokuwa Nisea.